Mgeni Asiyeaga

Minjila,
Jumatano, 4 Agosti 1999

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, kifua kimepoa, na kile kiti chako cha ofisini hakikuumizi mgongo kama ulivyoandika. Hapa nyumbani sote tu wazima isipokuwa televisheni. Mama anakusalimu, Baba Mdogo Dan anakusalimu, na Nyanya anakusalimu mara mbili kwa sababu anasema ya kwanza hukuijibu.

Barua yako ilifika pamoja na picha yako. Mama aliitundika ukutani. Nyanya akaitoa, akaenda nayo dirishani, akatazama tumbo kwa muda mrefu, kisha akauliza ni nani huyu aliyemmeza mwanawe. Usikasirike, Baba. Soma mpaka mwisho utaona kwamba siku hizi ana haki ya kuuliza.

Umesema kwa kuwa televisheni imekufa, umepata nyingine kubwa, ya rangi, na Reuben ataileta kwa lori lake Jumamosi. Ndiyo maana naandika haraka. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi akuletee mkononi kabla Reuben hajapakia. Kwa mdomo nisingeweza. Unanijua, hata dukani husimama nje mpaka mtu aniulize nataka nini.

Ulipotuletea televisheni mwezi wa Januari, tulifurahi sana, na bado nashukuru. Lakini hukukaa ukaona yaliyofuata. Kila siku ya nne nilifunga betri kwenye baiskeli nikaikokota mpaka Garsen kuichaji. Vijana wa pale wakaanza kuniita Bi Betri. Jioni picha ikijaa chenga, mimi ndiye niliyetoka kuzungusha mlingoti wa antena, huku Mama akisema kutoka ndani nizungushe kidogo, nirudishe, nisimame hapo hapo, nisipumue. Kwa hiyo mikono yangu imekuwa kama ya mpiga kasia, na vipindi vyenyewe sijui hata kimoja. Wengine wote walikaa.

Mama alianza kuchambua mboga akiwa amekaa, akafagia akiwa amekaa, mpaka ufagio ukaishia pale mkono ulipofika. Baba Mdogo Dan alikuja kutazama mieleka akasahau kurudi kwake. Hirbo, yule mfugaji anayetuletea maziwa, alikuwa akiacha kibuyu mlangoni na kuondoka. Siku moja alichungulia. Tangu hapo alikaa benchi moja na Baba Mdogo, wakielezana nani atamwangusha nani.

Mwezi wa Mei ng'ombe wa Hirbo waliingia kwenye mpunga wa Baba Mdogo wakala robo nzima. Unajua jambo kama hilo huku kwetu linavyoweza kuwa kubwa. Wazee walikusanyika. Baba Mdogo alipoulizwa alikuwa wapi ng'ombe wakiingia, akasema nyumbani kwa kaka yake. Hirbo alipoulizwa alikuwa wapi ng'ombe wakitoka zizini, akasema yeye alikaa ubavuni kwa Dan. Kila mmoja alikuwa shahidi wa mwenzake. Wazee walitazamana, wakaona hakuna kesi, ila mmoja wao aliuliza huyo wa mieleka alishinda au vipi.

Hayo yalichekesha. La Nyanya halikuchekesha. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mgeni akizungumza huwezi kuinuka ukamwacha na maneno mdomoni. Nyanya aliifuata heshima hiyo sawasawa. Msomaji wa habari alipomtazama, alijitanda kanga vizuri akatulia. Nilimweleza kwamba yule haoni. Akanijibu kwamba kutoona kwake si sababu ya sisi kukosa adabu. Na mgeni yule, Baba, haagi. Akimaliza mmoja anaingia mwingine. Nyanya alikaa kuanzia saa kumi alasiri mpaka betri ilipokata roho, na saa kumi ndiyo saa ya ndege kushuka kwenye mpunga. Mwanamke ambaye tangu nizaliwe ndiye aliyekuwa juu ya dungu la kulindia mpunga na teo lake, akitupa donge la udongo mpaka ng'ambo ya mfereji, sasa aliwasikia ndege kwa mbali na hakugeuza hata shingo.

Mwanzoni mwa Juni alishindwa kuinuka. Magoti yalikuwa yamevimba. Tulimpeleka zahanati kwa mkokoteni wa punda wa Hirbo. Muuguzi alimpima kila kitu, akamuuliza siku yake inakwendaje, kisha akatuambia kwamba mama huyu hana ugonjwa, ana kikao. Akasema akiendelea hivyo, kufikia Krismasi tutakuwa tunambeba. Njiani kurudi Nyanya alihimiza punda atembee upesi asichelewe taarifa ya habari.

Wiki hiyo ndiyo televisheni ilipokufa. Baba Mdogo aliifungua kwa kisu cha jikoni, akapuliza vumbi, akatangaza kwamba ni moyo. Hirbo alileta maziwa zaidi ya siku zote akatupa pole. Siku mbili watu walikaa wakiitazama vilevile, imezima. Siku ya tatu Nyanya aliuliza wale ndege wanaopiga kelele ni wa nani. Mama akamwambia ni wetu, wako kwenye mpunga wetu. Nyanya akashika mwimo wa mlango akainuka, akitukana magoti yake kila moja kwa jina lake.

Siku hiyo alifika chooni tu. Kesho yake ukingo wa mto. Wiki ya tatu nilimsukuma kwa nyuma akapanda dungu. Akaniambia nipige kelele nifukuze ndege. Nilipiga kwa sauti yangu hii unayoijua, na naapa walisogea karibu wasikie vizuri. Lakini sasa naweza, Baba. Juzi nimesikika ng'ambo. Mama anavuka kwa mtumbwi mwenyewe kwenda kwenye migomba. Baba Mdogo na Hirbo, kwa kukosa mieleka, wanashindana wao wenyewe mchangani kila jioni, na Hirbo anaongoza. Mpunga uliobaki unaelekea kuiva.

Sasa nifike pale ninapoogopa. Televisheni haikufa. Mimi ndiye niliyetoa fyuzi kwenye waya wake, ile ya kioo, nikaificha ndani ya mkebe wa chumvi. Katika fizikia yote niliyosoma mpaka kidato cha nne, hilo ndilo nililolitumia. Niliwadanganya wote, nikamwacha Mama akuandikie uongo bila kujua, na wewe ukahangaika kutafuta nyingine. Nisamehe.

Barua yako iliposomwa Jumapili nilikimbilia mkebe nikairudishe. Fyuzi haikuwamo. Nilimwaga chumvi yote. Nyanya alikuwa mlangoni, amesimama, akifungua pindo la kanga. Fyuzi ilikuwa humo. Alisema ameijua tangu wiki ya kwanza, kwa sababu kioo kiliingia kwenye mboga pamoja na chumvi, na chumvi haina kioo. Kisha akaifunga tena kwenye pindo akasema, "Mwandikie baba yako kwamba ile imekufa. Mimi bado."

Nimeandika yote mawili, Baba, ila la kwanza si kweli na la pili ni kweli. Nakuomba umwambie Reuben aje na lori tupu. Ukiona lazima ulete kitu, mletee Nyanya viatu vya mpira vya shambani, namba sita. Fyuzi hatoi. Anasema ukitaka kutazama habari utaichukua mwenyewe mkononi mwake, juu ya dungu, kwa miguu yako. Ukija Krismasi itakuwa zamu ya kulinda mahindi dhidi ya nyani. Teo lako amekwisha kulisuka. Alipima urefu kwa kutazama ile picha, akaongeza shibiri moja kwa ajili ya tumbo.

Msalimie Reuben na wote unaokaa nao. Mungu akutunze mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao mtiifu, karibu kila wakati,
Everline Hiribae