Moshi wa Tanuri la Kibiti

Mama, shikamoo.

Hamjambo hapo Tanga, wewe na binti yangu Zuhura? Mimi mzima huku Kibiti, ila nimewakumbuka mno. Leo tumepima moshi wa tanuri la kuchomea taka za sumu. Nilipanda ngazi ya bomba la moshi na kuingiza kipimo ndani. Chini alisimama jirani wa tanuri hilo, Bi Mwajuma, amembeba mjukuu wake kwa kanga mgongoni.

"Mwanangu, huo moshi una nini?" aliniuliza niliposhuka. "Mtoto huyu akiwa kwa mama yake Mohoro hakohoi. Akija kwangu tu, kifua kinambana."

Sikuweza kumficha. Moto haukuwa mkali wa kutosha na kichujio kilikuwa kimetoboka, kwa hiyo sumu ilitoka kupita kiasi kinachoruhusiwa. Msimamizi wa tanuri akabisha kwamba taka zimerundikana, azipeleke wapi? Nikamwomba Bi Mwajuma amweleze yeye mwenyewe aliyoniambia. Msimamizi akasikiliza, akamtazama mtoto, kisha akaagiza tanuri lizimwe mpaka litengenezwe.

Jioni Bi Mwajuma aliniletea wali wa nazi na kambale. Kabla sijanawa, mtoto akanipandia mapajani, akalala. Mama, uzito wake ni uleule wa Zuhura! Sikuthubutu kujitikisa. Nilimshika hivyo hivyo mpaka wali ukapoa.

Mlaze Zuhura upande wangu wa kitanda, umbusu kwa niaba yangu. Mungu awatunze mpaka nije.

Mwanao, Rehema