Maneno Uliyompa Agripina

Dada Felista,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila mkono umekataa kukuandikia bila kuanza hivyo.

Huku hatujambo. Mvua zimeikata njia ya Matombo tena, kwa hiyo tangu Pasaka sijapanda kuja kupalilia kaburi lako. Usininunie. Mdalasini wako nyuma ya nyumba haujaguswa, nimewaambia wa huko wasiubandue gome mpaka nifike mwenyewe. Na ule mkahawa karibu na stendi nilikokuwa napika umefungwa. Mwenyewe amehamia kwa mwanawe, sisi tukaambiwa Mungu atatufungulia mlango mwingine. Amefungua, ndiyo. Lakini nikikueleza nilivyouingia huo mlango utacheka, halafu utanisikitikia.

Dada, nina wivu. Nimekwenda nao mpaka kitubio, nikarudi nao.

Ni Agripina, jirani yetu, huyu wa jumuiya, anayeanzisha rozari kwa sauti ya puani. Alipata kazi ya kupika kwenye hosteli ya wanafunzi kule upande wa Mazimbu. Laki tatu na nusu kwa mwezi. Mimi mkahawani nililipwa laki moja na nusu na ukoko wa kupeleka nyumbani. Na pilau ya Agripina unaijua, ni wali uliopakwa rangi. Kila Jumapili nikimwona na kitenge kipya benchi la mbele, hata ekaristi naimeza kwa shida.

Wiki ile hosteli ilipotafuta mpishi mwingine, niliitwa kwenye usaili. Nikaogopa. Ninakaribia miaka hamsini na sijawahi kutaja bei ya jasho langu. Ningetaja lini? Ulikuwepo wewe. Viatu vyangu vya komunyo ya kwanza ulivipatania bei wewe. Siku ya posa yangu ulikaa na mashangazi chumba cha nyuma, ukawa unawarudisha washenga kama watoto waliokosea hesabu. Hata mkahawani tulikwenda wote, ukakaa kwenye kiti changu, mimi nikasimama nyuma yako nimeshika mkoba. Ukamwambia yule mama, "Mdogo wangu hana maneno, lakini sufuria inamjua." Mkapatana ninyi wawili. Mimi nikaonyeshwa jiko lilipo.

Basi Jumamosi, baada ya jumuiya, Agripina akanifuata uani. Akasema nisiende mikono mitupu, atanifundisha. Akakaa kwenye kigoda chako, sikumkaribisha, akakaa.

"Wakikuuliza unataka ngapi, usikimbilie kutaja. Kwanza iulize kazi: watu wangapi, milo mingapi, kupumzika lini. Halafu taja, na ukishataja funga mdomo. Atakayeongea kwanza ndiye anayepunguza."

Dada! Ni sauti yako ile. Nilikuona sokoni, mkungu wa ndizi uko chini, mchuuzi wa Dar anapiga kelele kwamba utamfilisi, na wewe umeshataja, umegeuka unaangalia mlimani kama unayesubiri mvua, mpaka anachoka mwenyewe. Miaka yote nimesimama nyuma yako nimeshika gunia, nikadhani unaangalia mvua kweli.

Nikamuuliza Agripina maneno hayo kayatoa wapi. Akasema kwako. Ule mwezi ulipolala kwangu unaumwa, mimi nikienda mkahawani, yeye alikuwa anakuja kukugeuza na kukupa uji, nawe ukawa unamfundisha. Kumbe mimi nawachomea chapati watu nisiowajua, na dada yangu anagawa alichonacho kwa jirani!

Nikasema, "Na mimi je? Hukumuuliza kwa nini hanifundishi mimi?"

Akainamisha kichwa. "Nilimuuliza. Akasema, huyo mimi ndiye ninayemsemea."

Niliingia ndani, nikajifanya natafuta chumvi.

Ulikuwa hata kunywa uji mwenyewe huwezi, Felista. Ungenisemea vipi?

Siku ya usaili nilikwenda. Meneja ni kijana wa umri wa mwanangu, akaniamkia vizuri, akanipa kiti. Pembeni yupo mama mhasibu. Wakaniuliza mambo ya jiko, hayo sikuyaogopa. Halafu yule kijana akasema, "Mama, ungependa tukulipe kiasi gani?"

Ulimini jibu lilikuwa tayari: chochote mtakachojaliwa. Nilidhani ndivyo Mkristo anavyojibu. Nikalimeza. Nikaiuliza kazi, kama Agripina alivyosema, yaani kama ulivyosema wewe. Nikawaambia misa ya kwanza siiachi, zamu ya Jumapili waipange baada ya hapo. Kisha nikataja laki nne. Usifikiri ni ujasiri. Nilitaka tu kumzidi Agripina.

Nikafunga mdomo. Mkono ulikuwa mfukoni kwenye rozari, moyoni naanza Salamu Maria, maana bila hivyo ningesema punguzeni wenyewe. Kijana akachezea kalamu. Akasema laki nne ni nzito, wataweza tatu na nusu. Dada, nilikuwa nimeshakubali. Ila nilikuwa katikati ya sala, na wewe ndiye uliyenikataza tangu utotoni kukata sala katikati. Nikaendelea, nimeangalia dirishani. Mlima ulikuwa na ukungu. Mama mhasibu akakohoa, akamwambia mwenzake, "Muongeze na nauli." Nikasema amina. Wakadhani nawajibu wao.

Agripina alikuwa ananisubiri mlango wa jiko. Nilipomweleza akapiga makofi. "Nauli? Mimi sipewi nauli!" Nikafurahi, Mungu anirehemu, nikafurahi kama mtoto aliyegawiwa nyama kubwa. Halafu akanikumbatia na kusema, "Felista angefurahi." Furaha ikaishia hapo hapo. Kwa nini aseme yeye? Hilo lilikuwa langu la kusema.

Padri ameniambia nimshukuru Mungu kwa ajili ya Agripina. Najaribu. Inafika kooni inarudi. Mshahara wangu ukijumlisha nauli unauzidi wake kidogo, pilau yangu wanafunzi wanaipangia foleni, na bado jioni tukinawa masizi pamoja namtazama mikono nakumbuka kwamba ndiyo iliyokugeuza. Yeye alikuwa na mchana wako wote. Mimi nilikuta umelala.

Juzi amesema mwaka wako ukitimia ataenda ofisi ya parokia kuandikisha misa ya kukuombea, kwa kuwa mimi sina mazoea ya kwenda kusema mbele za watu. Nikamwambia hapana. Hiyo misa nitakwenda kuisemea mwenyewe, nitalitaja jina lako lote, la ubatizo na la ukoo, na karani akiniuliza saa ngapi nitamwambia ya kwanza, halafu nitanyamaza.

Agripina aje. Nimemruhusu. Ila akae benchi la nyuma yangu.

Pumzika, dada. Njia ikikauka nakuja na jembe. Na shikamoo zangu zote ziweke, siku nikifika uniitikie kwa pamoja.

Mdogo wako,
Yustina