Namba Kubwa Niliyomficha Dada

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na jina langu sikuliandika makusudi ili usije ukalitaja hewani. Nina miaka kumi na sita, nakaa kwa mama mkubwa kwa ajili ya shule, kwetu tulisoma kwa Kiswahili na hapa kila kitu ni Kiingereza, na mimi hata kwa Kiswahili si msemaji, basi darasani nikiulizwa jibu nalijua ila likifika kooni linakwama, wakishacheka najikalia kimya hadi kengele, na mtu pekee anayenisemesha bila kunionea huruma ni dada, binti wa mama mkubwa, ambaye huongea kwa niaba yetu sote wawili.

Mwezi uliopita mjomba alifunga ofisi yake akatuletea kompyuta mpakato mbili zilizotumika, akasema, "Mtaalamu achague kwanza." Mtaalamu ndiye mimi, kwa sababu napenda kusoma mambo ya mashine, namba hazimcheki mtu. Nikaziwasha zote, nikatazama kasi ya prosesa: moja gigahezi tatu nukta mbili, nyingine moja nukta nane. Dada akauliza, "Ipi nzuri, mdogo wangu?" Nikamjibu, "Ziko sawa tu, dada," nikaikumbatia ya tatu nukta mbili. Mshauri, nilijua ninachofanya. Nilitaka angalau mara moja niwe mbele ya mtu.

Sasa tunatengeneza filamu fupi ya klabu ya sayansi, kila mmoja ana sehemu yake ya kuhariri. Yangu nikiigusa tu feni inanguruma, picha inaganda, naweza kwenda kuoga nikarudi nikaikuta palepale. Ya dada, yenye namba ndogo, imemaliza kitambo na wala haikohoi. Akaniambia, "Si ulisema ziko sawa? Basi njoo tutumie yangu." Nikasikia uso unawaka, nikamwambia sipendi kufanya kazi na watu, wananichelewesha. Mimi, mshauri! Akanitazama, akasema, "Haya, bibie," akaondoka.

Tangu siku hiyo nafanyia kazi chumba cha nyuma, mama mkubwa anakoweka vitambaa vyake vya kushona, kompyuta naiweka juu ya marobota, nawasikia dada na wenzake wakicheka sebuleni, waliniita mara tatu nikakataa, ya nne hawakuita. Filamu inaoneshwa Ijumaa na sehemu yangu haijafika hata nusu. Nikiomba msaada itabidi niseme kwa nini niliichagua hii, nisipoomba nitamwangusha dada mbele ya shule nzima. Je, namba ilinidanganya, au hii ni adhabu?

Mimi, Mtaalamu

Mtaalamu,

Pole, mwanangu. Hicho chumba cha nyuma nimekiona kana kwamba nimekaa humo nawe. Pole imekwisha, sasa sikiliza.

Adhabu hapo hakuna. Kompyuta haijui ulichofanya. Na namba haikudanganya, uliiuliza jambo moja ikakujibu hilohilo. Unaishi nyumba ya mshonaji na hukuling'amua? Gigahezi ni mbio za mguu kwenye pedali ya cherehani, basi. Cherehani kuukuu inaweza kuzunguka kwa kasi huku kila mzunguko ukitoa nusu mshono, na ya kisasa ikaenda taratibu ikatoa miwili. Halafu hesabu mafundi: prosesa moja ina viini viwili, nyingine vinne, yaani washonaji wanne, na kazi ya video inagawika. Halafu uzi, yaani kumbukumbu ya mashine. Uzi ukiwa mezani, kazi inakwenda. Kila mara ukiufuata stoo, mbio za mguu zitakufaa nini? Na mashine ikichemka hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Wewe umeilaza juu ya marobota! Umeiziba pua, unashangaa inahema. Nimemuuliza fundi mitambo wetu hapa redioni, akacheka, akasema hata yeye aliwahi kununua namba. Siku nyingine tazama mashine ina umri gani, ina viini vingapi, kisha ijaribu kwa kazi yako mwenyewe kabla ya kuichagua.

Lakini hukuniandikia kwa sababu ya feni. Ulimnyima dada yako haki ya kuchagua, aibu ilipokurudia ukamfukuza yeye. Mtu mmoja tu anakusemesha katika mji mzima, nawe unajificha asikusemeshe! Ulitaka kuwa mbele. Haya, upo mbele, peke yako na marobota.

Leo, kabla ya chakula cha jioni, itoe kompyuta kwenye vitambaa, iweke mezani, pangusa vumbi la feni. Itumie kuandikia maelezo ya filamu, kazi hiyo inaiweza vizuri. Picha zako zote zitie kwenye flashi. Kisha nenda sebuleni na flashi mkononi, mwite dada kando, wenzake si lazima wasikie, useme: "Dada, nilidhani hii ni bora, nikakuficha. Nisamehe, naomba tumalizie kwako."

Atakasirika kidogo, halafu atakutania hadi Ijumaa. Mwache akutanie, umekosa sauti yake siku nyingi.

Na usiniambie maneno hukwama. Nimeyahesabu hayo, ni kumi tu. Dada huenda akasema elfu kwa siku. Wewe yako kumi yana kazi kubwa zaidi leo. Mashine yake imeshakuonesha kwamba namba ndogo inaweza.

Inuka, huyo dada anakula chakula cha jioni saa ngapi?