Sahihi ya Blandine na Majua Mawili

Musonoi, Kolwezi
Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024

Mpendwa binti yangu Blandine,

Pokea salamu za heshima zitokazo kwangu, mdogo wa baba yako. Je, kifua chako kimepona baridi ya Ulaya? Sisi tu wazima, isipokuwa kikohozi cha mama yako Jeanne, ambacho hurudi na vumbi la kiangazi.

Barua yako tumeisoma mara tatu. Nimeielewa hivi: ile sayari kubwa uliyoitambua hulizunguka jua lake kwa siku nne tu, kwa ukaribu wa kutisha. Kila inapopita mbele, mwanga hufifia. Sasa imeonekana kwamba jua hilo lina mwenzake, na darubini yenu huona mianga miwili kama mmoja. Hujui ni upi unaofifia, wala kama kipitacho ni sayari kweli. Mwalimu wako anataka utie sahihi kesho kwenye makala ya kuitangaza, wengine wasiwatangulie. Wewe waomba kungoja hadi majua hayo yatenganishwe.

Kosa letu ni hili. Siku ya Pasaka niliisoma barua yako ya kwanza kanisani. Tukaipa sayari jina la bibi yako Ntumba, jambo ambalo hatulifanyi hata kwa mtoto aliye tumboni. Ibada ya shukrani ni Jumapili hii, na vitambaa vya sare vimekwisha kushonwa.

Jana baba yako Kabasele alituita sote. Alikasirika sana kwamba wataka kungoja.

“Mutoto asaini tu,” alisema. “Ile nyota iko mbali, nani ataenda kuangalia?”

Watu walicheka. Mama yako hakucheka. Alimjibu mumewe, “Blandine ndiye anaangalia, tata. Kuangalia njo kazi yake.”

Hata hivyo niliagizwa nikuandikie utie sahihi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kalamu.

Binti yangu, miaka ishirini nilisaga mawe ya sampuli katika maabara ya mgodi. Siku moja unga wa mifuko miwili ulichanganyika katika sahani yangu. Kipimo kilionyesha kobalti nyingi. Mkuu alikuwa akisubiri mlangoni, nami nikaandika namba ya mfuko wa kwanza. Walichimba majuma matatu mahali pasipo kitu. Aliyefukuzwa ni Louis, mwenzangu aliyeleta mifuko, nami nilinyamaza. Tangu hapo hupita njia nyingine nikimwona sokoni.

Kwa hiyo agizo nililopewa silitimizi. Usitie sahihi. Naituma barua hii kwa picha ya simu ili ikufikie leo.

Jumapili, kabla ya wimbo wa kwanza, nitasimama mbele ya kanisa na kutamka kwamba aliyetangaza mapema ni mimi, wala si wewe. Baba yako bado hajui. Namwambia jioni hii.

Jeanne na shangazi yako Beya wanakusalimu. Mungu ayatulize macho yako na mkono wako.

Wako akupendaye,
Kalombo, baba yako mdogo