Nafasi ya Mia Tisa na Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Leo Bi Dira amebandika orodha ubaoni. Ni mwalimu wetu wa ushauri. Ana jina lake, ila tunamwita hivyo kwa sababu haachi kutuelekeza. Orodha ya vyuo vikuu bora duniani! Safu mbili tu: CHUO na NAFASI. Wasichana walijazana pale kama wanatafuta majina yao.

Chuo ninachokitaka nilikitafuta kwa kidole mpaka ukurasa wa mwisho. Nafasi: 912. Mwenzangu wa dawati alicheka mpaka akapaliwa. Akauliza kama huko wanafunzi hukalia viti au matofali.

Lakini katika vyuo vyote ambavyo vijitabu vyake vya kozi viko maktaba yetu, ni hicho tu kinachofundisha ufundi wa meno bandia. Nimepekua vyote, mara mbili. Sababu sijamwambia mtu. Sababu ni Babu. Meno yake ya bandia humtoka akisema "pumbavu," kwa hiyo siku hizi anatukana watu kwa adabu.

Fomu ya kuomba chuo irudi Jumatatu ijayo kabla ya saa sita mchana, na sahihi ya mzazi. Bila sahihi, hakuna chuo mwaka huu.

Nimemnakilia Baba vyuo vitatu kutoka kwenye orodha, kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumanne, 4 Machi

Nilimkuta Baba karakanani, anapiga randa mlango, penseli sikioni. Karatasi yangu aliishika mbali na uso, jicho moja kafumba, vile anavyoangalia ubao kama umepinda.

"Hiki cha juu kina nafasi tatu?"

Nikasema ndiyo, nafasi ya tatu.

"Tatu, dunia nzima?"

Hapo nikaelewa. Anadhani ni viti — kwamba chuo kile kinachukua watu watatu. Mwalimu wa Kiswahili ametufundisha kwamba neno likiwa na maana mbili, msemaji makini hufafanua. Mimi nilipiga chafya.

"Na hiki cha chini, mia tisa na kumi na mbili," akasema Baba. "Sasa hapo kuna cha kufikiri, mama? Hapa hata ukiugua siku ya mtihani hukosi."

"Wewe ndiye mzazi, Baba," nikasema. Kwa upole kabisa.

Sikudanganya. Nimejichunguza njia nzima ya kurudi nyumbani na sijapata uongo hata mmoja. Nimepata kitu kinachofanana nao sana.

Hakusaini. Mikono ilikuwa na gundi. Atasaini Jumamosi mbele ya Baba Mdogo, maana yeye ndiye msomi wa ukoo.

Jumatano, 5 Machi

Baba amemwambia muuza mbao. Muuza mbao amemwambia kinyozi. Asubuhi kinyozi alinisimamisha: ni kweli kile chuo kikubwa kimeishiwa viti? Nikasema nimechelewa shule. Nilikuwa nimewahi.

Jumamosi, 8 Machi

Baba Mdogo alikuja na tai yake. Anafanya kazi ofisi ya bima na huivaa hata Jumamosi. Baba akamweleza hesabu yake, kifua mbele. Baba Mdogo alicheka mpaka akavua miwani.

"Kaka, hiyo si idadi. Ni cheo. Kuna vyuo mia tisa na kumi na moja mbele yake."

Babu akasema si vingi hivyo, dunia ni kubwa, mwacheni mke wangu.

Baba akanigeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu chafya."

Basi nikaeleza yote, meno na kila kitu. Babu aliyatoa yake akayaweka mezani kama shahidi. Baba Mdogo akamwomba ayarudishe, watu bado wanakunywa chai.

Kisha Baba Mdogo akaacha kucheka. Alisema mwaka ule alipoitwa usaili wa kazi aliyoitaka kweli, waliomba ataje chuo chake. Alipotaja, yule bwana alifunga faili na kumuuliza habari za mvua. Alilisema hilo akikitazama kikombe. "Sitaki na yeye aulizwe habari za mvua," akasema.

Labda jina la chuo ni kama ile tai: haifanyi kazi yoyote, lakini bila hiyo mlinzi hafungui lango.

Baba aliikunja fomu akaitia mfuko wa shati. Jumatatu atakwenda mwenyewe kwa huyo mwalimu wangu.

Jumapili, 9 Machi

Tangu jana Baba ameniambia maneno matatu: "sukari," na "funga mlango." Shati amelipiga pasi mwenyewe. Dalili mbaya.

Jumatatu, 10 Machi

Saa tano na nusu. Niko kwenye benchi nje ya ofisi ya Bi Dira. Baba yuko ndani na fomu. Mlango haufungi sawasawa. Baba alizikagua bawaba kabla hata ya kusalimia. Nasikia yote.

Anauliza wanaopanga namba hizo wanapima nini. Bi Dira anataja makala za wasomi, umaarufu, walimu kutoka nje. Tena huwauliza wasomi wenzao.

"Yaani maseremala wanaulizana nani seremala bora," anasema Baba. "Aliyenunua kiti haulizwi kama kinakalika."

"Anaulizwa kidogo," anasema Bi Dira. "Lakini mzee, sitakuficha. Waajiri wengine huitazama orodha hii kwanza, mtoto baadaye."

"Mdogo wangu kaniambia. Namwamini."

Kiti kinalia.

"Samahani, mwalimu. Wewe ulisoma chuo cha nafasi ya ngapi?"

Karatasi zinafunuliwa. Zinafunuliwa tena, kutoka mwisho. Kisha sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwa Bi Dira: "Hakimo."

"Na umekaa na mwanangu miaka mingapi?"

"Minne."

"Minne. Mpaka akaweza kunipumbaza mimi, baba yake, bila kusema uongo."

Sijui hiyo ni sifa au mashtaka. Sauti ya Baba akifurahi na akikasirika ni ile ile moja. Kuna kalamu inabofywa, tak, tak, na siwezi kujua iko mkononi mwa nani. Saa sita kasoro dakika kumi. Sasa Baba ananiita, kwa majina yangu yote, mpaka la ukoo —