Kuvu Niliyoiita Mbolea

Jumamosi, Hasamba. Manyunyu tangu alfajiri, na baridi ya kujifunga kanga mbili. Hali ya hewa ambayo bakajani, ugonjwa wa kuvu wa nyanya, huipenda kuliko sisi.

Nimezunguka shamba la nyanya kabla ya chai. Majani ya chini yana madoa ya kahawia, si mengi. Juu bado kijani. Sijafurahi wala sijaogopa; nimekata yenye madoa, nikaenda kuyafukia mbali.

Shamba ni la mama mkwe. Amenipa kwa msimu mmoja. Nyanya zikikubali, naendelea. Zikifa, anarudisha maharage yake. Ndivyo tulivyokubaliana, na Mama si mtu wa kugeuza neno.

Tangu kitaluni nimekuwa nikiweka kuvu kwenye mizizi, ile nzuri ya unga aliyonielekeza bwana shamba. Inaishi na mizizi, inaupa mche nguvu ya kuhimili ugonjwa. Majani tunayapiga dawa ya ukungu kwa bomba. Sharti ni moja: dawa isimwagwe kwenye mizizi, maana huua kuvu yote, haichagui rafiki wala adui.

Mama aliniuliza unga ule ni nini. Nikasema mbolea.

Niliogopa kumwambia kwamba naingiza kuvu kwenye shamba lake kwa makusudi.

Jana nilikwenda Vwawa, yeye akanisaidia kupiga dawa. Kazi safi, hakuna jani lililorukwa. Kisha iliyobaki kwenye bomba akaimwaga kwenye mashina, kama kila mtu hapa anavyofanya; amenitajia leo kwenye chai. Dawa haitupwi. Hakuna aliyewahi kumkataza, mimi nikiwemo.

Mchana huu nimempigia simu bwana shamba. Amesema nisubiri dawa ipungue makali ardhini, kisha niweke kuvu upya. Huenda miche ikahimili, huenda isihimili. Mama alikuwa pale pale jikoni akichambua maharage, na alisikia yote.

"Mama Neema, kumbe ile mbolea ni kuvu?"

Nikamweleza, kuanzia kitaluni. Nilitegemea angecheka au angefoka. Aliendelea kuchambua.

"Si ndiyo dawa ya moto ni moto," akasema. "Ungeniambia, nisingemwaga."

Akapepeta ungo, akaongeza bila kunitazama: "Shamba utakaa nalo mpaka uvune. Baada ya hapo sijui. Na sisemi hivyo kwa sababu ya nyanya."

Nikasema, "Nimekuelewa, Mama."

Hiyo ya mwisho imeniuma. Nimekoka moto, nimepika, nimepakua, na bado inaniuma.

Kuvu nitaweka nyingine, hilo ni jepesi. Lakini mtu akikupa ardhi yake, unaanzaje kumficha ulichoweka ndani yake?