Bafu Lenye Mlango Mmoja

Bulyaga, Tukuyu
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Nauliza kwanza mguu wa baba kama uvimbe umepungua, na mbuzi kama wamepata majani. Hapa majani tunayakanyaga tu. Mvua ya Tukuyu haijui kupumzika. Sare yangu naikaushia juu ya moshi wa jikoni, na shuleni wameshanipa jina, wananiita Samaki Mkavu. Sijawajibu. Unanijua, hata nikikanyagwa mguu nasubiri mtu aondoke mwenyewe.

Nakuandikia bila mamdogo kujua. Yeye angesema niandike kwamba wote wazima, nifunge bahasha. Nilijaribu kuianza barua hii kwa Kiingereza, kama insha ya shule, nikidhani kitanifichia aibu. Haikuwezekana. Mambo ya nyumba hii hayaingii kwenye Kiingereza cha darasani.

Mdogo wako ana mimba, Mama. Imeshakuwa kubwa, mtoto anacheza. Baada ya zile mbili zilizoharibika hakutaka habari itoke nje ya nyumba mpaka siku mtoto atakapolia. Nisamehe nimeitoa mimi.

Halafu kuna babu, mzazi wa baba mdogo. Ameletwa kutoka kijijini Masoko awe karibu na hospitali, maana upande wake wa kushoto umelegea na anatembea kwa fimbo. Tumempa chumba cha pembeni, kile chenye mlango wake wa nje. Na hapo ndipo penye shida, kwa sababu kwa Wanyakyusa wa zamani mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami, hapiti alipopita, hamtaji jina. Jina la babu ukilisema haraka linafanana na mwiko, basi jikoni kwetu mwiko hauitwi mwiko, tunauita mti wa ugali. Babu akitaka kupita anagonga ukuta kwa fimbo, na mamdogo anakimbilia popote, siku moja nyuma ya gunia la mkaa, akabaki amechuchumaa na sufuria ya maharage mkononi. Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia mama mkwe wake, kabla hajafa, alimfundisha kwamba mwanamke akiuvunja mpaka huu, kinachoumia ni tumbo lake.

Baba mdogo humtania. "Wewe Mnyaturu wa Singida, haya ya Wanyakyusa umeyatoa wapi? Wenyewe tumeshayaacha, tunakaa benchi moja kanisani."

"Mlioyaacha mna watoto," mamdogo alimjibu siku moja. Baba mdogo akachukua koti lake akatoka.

Sasa choo chetu kipo chini kabisa, mwisho wa migomba, na njia ni mteremko wa udongo unaoteleza kama sabuni. Babu alishateleza tukamwokota. Ndipo baba mdogo akaamua kujenga bafu na choo cha kumwaga maji, kuunganisha na ukuta wa nyuma wa nyumba. Fundi akachora vizuri: ukuta katikati, upande mmoja wetu, mlango wake koridoni; upande mwingine wa babu, mlango wake unatoka nje pembeni, hatua chache tu kutoka chumbani kwake. Mamdogo aliishika ile ramani kama picha ya harusi.

Lakini lazima kibali. Tangu biashara ziachiwe huru kila mtu anatoboa ukuta wa nyumba yake, huyu duka, huyu mitumba, huyu kilabu, na ofisi ya ujenzi imekuwa kali. Jirani yetu alijenga kibanda bila kibali, wakamchorea X nyekundu ukutani, na baadaye walikuja kweli na nyundo. Baba mdogo, tangu apunguzwe kazi kwenye shirika, anafuata mchele Kyela, na siku mkaguzi alipokuja hakuwepo. Tulikuwa mamdogo na mimi.

Mkaguzi si mtu wa huku, ni mgeni kama sisi, kwa matamshi yake nadhani ni wa Pwani. Alikuwa mcheshi. Alisifu migomba, akaikunjua ramani juu ya ndoo.

"Kiwanja hiki ni cha nani, mama?"

"Cha humu humu ndani."

"Jina lake?"

Mamdogo akaifunga upya kanga yake. Kiwanja kiko kwa jina la babu, yeye ndiye aliyekinunua zamani.

"Nyumba unayolala hujui ya nani?"

"Naijua."

"Basi mtaje mwenyewe."

Mamdogo akanigeukia. "Mwanangu, sema wewe." Mama, jina nilikuwa nalo, nililisoma kwenye kadi ya hospitali. Lakini yule mkaguzi alinitazama, nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Nilipokuja kulisema lilitoka dogo mno, na yeye alikuwa ameshaanza kucheka.

"Mwenyewe hatajwi, milango miwili, mmoja unatazama njia! Dada zangu, mnataka kutufungulia gesti bubu hapa Bulyaga?"

"Ni wa babu," nikasema. "Ni mgonjwa."

"Mgonjwa ndiyo asipishane na watu? Mgonjwa anahitaji kuwa karibu na watu, binti. Huo mlango wa nje ni wa wapangaji, nimewaona wengi." Akatoa kalamu nyekundu, akaufuta mlango wa babu, akaufuta na ukuta wa katikati. "Bafu moja, mlango mmoja, wa koridoni. Hivyo naipitisha. Na nikirudi nikakuta mwingine, mnaijua X."

Kama angekuwa mtu wa huku, mamdogo angenyamaza tu na yeye angeelewa. Na mimi ningeweza kumweleza, sentensi mbili zingetosha. Nazifanyia mazoezi mpaka leo nikiwa njiani kwenda shule.

Kibali kilikuja kimeandikwa kwa Kiingereza. Baba mdogo, karudi na matope ya Kyela mpaka magotini, akaniambia nimsomee. Nikasoma: mlango mmoja tu. Alifurahi, akampigia kelele fundi aje na saruji. Mamdogo alipomwuliza itakuwaje akasema, "Kwanza tujenge, tukaguliwe tumalize, halafu nitatoboa." Ukaguzi wa mwisho bado hadi leo.

Bafu limekwisha, Mama. Ni zuri. Sakafu laini, bomba linatoa maji, harufu ya saruji mpya imejaa koridoni. Babu aliletwa kulitazama mamdogo akiwa sokoni. Alisimama pale mlangoni muda mrefu, akautazama mlango wa jikoni, akautazama wa chumba cha mamdogo, yote inafungukia pale pale.

"Gwe, mjukuu," akaniambia, "hapa mwenye mkwe anapitaje?"

"Atakuwa anagonga, babu."

"Nagonga nikiwa nje. Humu ndani nikigonga yeye akimbilie wapi? Na lile tumbo?"

Akarudi chumbani kwake, na kuanzia hapo akaendelea kushuka kule chini kwenye migomba, mvua na utelezi. Baba mdogo alifoka, babu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema "ndaga", ambayo kwao ni asante, kisha akashika fimbo akashuka. Mamdogo naye hakuligusa bafu. Alisema haogi mahali ambapo baba mkwe ameshapakataa. Tukawa na bafu lenye kibali, na nyumba nzima inashuka kule chini kwa zamu.

Ijumaa baba mdogo alikuwa safarini. Mvua ilinyesha tangu asubuhi. Nilisikia babu akigonga ukuta, nikajua anashuka. Sikusikia akigonga kurudi. Mamdogo naye alikuwa anasikiliza, kwa sababu aliniita kutoka jikoni, "Nenda kamtazame." Nilimkuta ameanguka kwenye mfereji chini ya migomba, maji yanampita kifuani, mkono mmoja umeshika mgomba. Nikamvuta, nikashindwa. Majirani walikuwa mnadani. Nikapiga kelele kumwita mamdogo, Mama. Mimi ambaye sijawahi kupiga kelele.

"Usimwite!" babu akasema. "Usimwite huyo! Niache!"

Mamdogo alikuwa ameshatoka. Alishuka ule mteremko kanga ameifunika usoni, anapapasa kama kipofu, na mimi naona tumbo lake na ule utelezi na siwezi kumwachia babu. Alifika. Akamshika kwapa. Babu alikuwa amefumba macho kwa nguvu, uso ameugeuzia udongoni, anaomba kwa Kinyakyusa, sijui anamwomba nani. Tulimpandisha hivyo, watatu, wawili hawaoni. Nilikuwa nasema kushoto, kulia, jiwe. Tulimpitisha koridoni tukamwosha matope kwenye lile bafu, maana hapakuwa na pengine. Ndiyo mara ya kwanza lilipotumika.

Tangu siku hiyo babu hajasema neno. Anakula nikimlisha, na ananitazama kama nimemwibia kitu. Mamdogo amelala kitandani. Si mgonjwa, anasema. Anakataa hospitali, anakataa mchungaji, anasema tungoje tu. Baba mdogo hajarudi.

Mama, njoo. Kama baba hawezi kubaki peke yake na mguu ule, mtume shangazi, lakini afadhali wewe, kwa sababu mamdogo ni mdogo wako na mimi siwezi kumbishia.

Wasalimie baba, na mwambie soksi alizonipa ndizo zinanifaa kuliko vyote. Msalimie bibi mzaa baba, na kaka aliyeko gereji, na yule mama jirani anayetuuzia maziwa. Mdogo wangu wa mwisho mwambie barua yake nitamwandikia mwenyewe, hii asisomewe.

Leo asubuhi, kabla ya kengele ya kanisa, mamdogo aliniita nikae kitandani. Akachukua mkono wangu akauweka juu ya tumbo lake, upande ambao mtoto hupenda kupiga. Akanitazama. Akauliza, "Unamsikia?" Tulikaa hivyo mpaka kengele ikanyamaza. Nikamwambia ndiyo, anacheza. Akatabasamu, akafumba macho akalala.

Sikusikia kitu, Mama.

Ni mimi mwanao,
Eliza